Masta ya miezi 18 iliyonichukua miezi 41

Jumanne iliyopita usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Manyoni. Alimaliza shahada ya kwanza ya uhasibu mwaka juzi, sasa anajitolea kwenye ofisi ya halmashauri, na mkononi ana barua mbili za udahili. Moja ni ya MBA, yaani masta ya usimamizi wa biashara, hapa hapa nchini, miezi 18, masomo ya jioni. Nyingine ni ya MSc, masta ya fani moja, ya fedha, Uingereza, mwaka mmoja, ila ufadhili unalipa nusu ya ada tu. Nusu iliyobaki baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe. Swali lake lilikuwa la mstari mmoja: "Dada, ipi inaisha haraka na ina kazi?"

Nilianza kumjibu pale pale. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Ilipofika saa sita usiku mume wangu akaniuliza ninagombana na nani kwenye simu. Nikamwambia sigombani na mtu, najibu swali ambalo mwaka 2017 mimi mwenyewe nililiuliza na hakuna aliyenijibu ukweli. Asubuhi nikaona jibu limekuwa refu kuliko simu, na najua wako wengine wengi wenye barua kama zake. Kwa hiyo naliweka hapa.

Mnakumbuka Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma. Wakati huo nilikuwa afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, ofisi yetu haikuwa mbali na soko la Majengo. Mji ulianza kubadilika tukiutazama. Wageni wakaja, vyumba vikawa vya kugombania, na ofisini mazungumzo ya chai yakawa ni hayo hayo: wizara zinakuja, mashirika yatafuata, benki zitafungua matawi, nafasi zitamwagika, na atakayezipata ni mwenye masta. Nilikuwa na shahada ya biashara yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.4 na miaka minne ya kazi. Nikaamini kwa moyo wote.

Nilikuwa na kiwanja kimoja Ihumwa, nilichonunua kwa kujibana kupitia kikoba chetu cha akina mama. Nikakiuza kwa shilingi milioni 2.8 ili nilipe ada ya mwaka wa kwanza. Anayeijua Dodoma ya leo hahitaji maelezo zaidi. Mji wa Serikali ulikuja kujengwa Mtumba, jirani kabisa, na kila nikipanda gari la kwenda huko huwa naangalia upande wa pili wa barabara. Mume wangu amenisamehe zamani. Mimi bado najifunza kujisamehe.

Kipeperushi cha chuo kiliandika muda wa masomo: miezi 18. Sikuuliza miezi hiyo imegawanywaje. Ilikuwa hivi: mihula miwili ya darasani, halafu miezi sita ya utafiti na tasnifu. Nawaomba mwisome sentensi hiyo mara mbili, maana aibu yangu yote imo humo. Darasani ratiba ni ya chuo. Mwalimu anakuja saa kumi na moja jioni, mtihani una tarehe, matokeo yana tarehe. Kwenye tasnifu hakuna tarehe ya mtu yeyote. Ile miezi sita ni miezi ya matumaini.

Ya darasani nayapitia haraka kwa sababu hayana hadithi. Nilianza Oktoba 2017. Jioni darasani, Jumamosi kazi za vikundi, usiku kusoma mtoto akishalala. Sikupata supu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Mwishoni mwa 2018 nilikuwa nimemaliza masomo yote na wastani mzuri, na nilijiona nimeshafika.

Ndipo safari yenyewe ikaanza.

Nilichagua kuchunguza mikopo midogo kwa wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, Hombolo na Mvumi. Nilikuwa nimewaona kwa miaka minne wakija kaunta kwangu na vitambulisho vilivyofungwa kwenye nailoni. Niliona namna walivyokuwa wakishindwa kulipa, na kila mwezi nilisaini barua za kuwakumbusha. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sisi tulikuwa tunawadai kila mwezi. Mtu aliyeona hilo kwa macho yake ana tasnifu kichwani tayari, nilidhani hivyo.

Msimamizi wangu wa kwanza alipokea pendekezo la utafiti, akalisifu, akaomba nibadilishe sura ya pili. Nikabadilisha. Akakaa nayo miezi saba. Nasema saba kwa sababu niliihesabu moja moja. Nilimwandikia barua pepe, nikampigia, nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yake na mtoto mgongoni. Siku moja karani akaniambia kwa upole kwamba mwalimu amekwenda masomoni nje ya nchi na hatarudi karibuni. Hakuna aliyeniambia kabla ya hapo. Nilipangiwa mwingine, na huyo wa pili akasema mada ni pana mno, nianze upya na kata moja. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Lilikuwa jua la Septemba na upepo wa vumbi, na nilimshukuru upepo kwa sababu kila mtu barabarani alikuwa anafuta macho.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kiwanja. Niliacha kazi. Ofisini walikuwa wameninyima ruhusa ya siku kumi za kukusanya dodoso, nami nikajiambia kwamba nikiwa huru nitamaliza kwa miezi mitatu. Mwajiri hakunifukuza. Barua ya kuacha kazi niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Miezi mitatu ikawa mwaka na nusu. Ili tule, nikafungua steshenari ndogo Nkuhungu: mashine moja ya kunakili, printa moja, na ile mashine ya kubana vitabu. Wateja wangu wakubwa walikuwa wanafunzi. Nilichapisha tasnifu za watu, nikazibana kwa jalada gumu, nikapanga majina yao kwa herufi za dhahabu, huku yangu ikiwa kwenye flashi mfukoni mwa aproni. Nimebana tasnifu za watu waliojiunga na chuo mwaka mmoja baada yangu. Walikuwa wananiita "mama", wananilipa, wanakwenda zao. Sikuwachukia. Lakini wakiondoka nilikuwa nakaa kwanza nyuma ya pazia dakika tano kabla ya kumhudumia mwingine.

Nilikabidhi nakala za mwisho Machi 2021. Kutoka Oktoba 2017 ni miezi 41. Mahafali yakawa Desemba, na kati ya Machi na Desemba sikuwa na cheti. Hili nalo watu hawalihesabu. Matangazo ya ajira serikalini husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda na transkripti, zile orodha rasmi za alama, zisizo kamili hazipokelewi. Unaweza kuwa umemaliza kila kitu na bado kwenye mfumo wa maombi ukahesabika hujamaliza.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Manyoni, ukiniuliza masta ya miezi 18 inachukua muda gani, usitazame kipeperushi. Hesabu kuanzia siku unayotoa ada ya kwanza mpaka siku mshahara unaotokana na masta hiyo unaingia kwenye akaunti yako. Mimi niliajiriwa Agosti 2022. Ni miezi 58. Huo ndio urefu wa masta yangu.

Sasa tuje kwenye kazi, maana ndiyo sehemu ya pili ya swali.

Nilipopata cheti niligonga milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa serikali. Niliomba nafasi za afisa biashara kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mkeka, yaani orodha ya majina ya kuitwa usaili, ulipotoka, jina langu lilikuwemo, nikapiga vigelegele. Usaili wa mchujo ulifanyika kwenye kumbi za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipofika nikakuta umati wa vijana ambao sijawahi kuuona isipokuwa kwenye mkutano wa injili. Wote tulikuwa na karatasi ile ile ya maswali. Nafasi ilikuwa ya daraja la pili, sifa yake ni shahada ya kwanza, mshahara wa ngazi ya TGS D. Masta yangu haikuniongezea alama moja. Binti aliyekaa kiti cha mbele yangu alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, akili bado ya moto, na alifaulu mchujo. Mimi sikufaulu. Naandika hili bila uchungu kwake, alistahili.

Nataka mlielewe jambo hili vizuri. Serikalini mtu huingia kwa sifa iliyoandikwa kwenye muundo wa utumishi wa kada yake. Kama muundo unasema shahada, ukija na mbili utapokelewa kwa moja. Masta huanza kuwa na uzito baadaye, kwenye vyeo vya juu, au pale tangazo lenyewe linapoitaja. Kwa mtu ambaye bado yuko nje ya geti, masta peke yake haifungui geti la kada nyingi. Ndugu zangu wanaojitolea halmashauri na kuwaza masta kama njia ya kuingia, naomba mkaulize maofisa utumishi wenu kwanza, leo hii, kabla ya kulipa hata fomu.

Mlango wa pili ulikuwa vyuo vikuu. Nilifikiri: nina masta yenye GPA ya 4.1, nitakuwa mhadhiri msaidizi. Tangazo lilitaka 4.0 kwenye uzamili, nikatabasamu. Mstari uliofuata ukataka kiwango chake kwenye shahada ya kwanza pia, na 3.4 yangu haikukifikia. Shahada ya kwanza nilikuwa nimeisoma nikiwa na umri wa miaka 21, sina habari kwamba kuna mtu ataipima miaka kumi baadaye. Laiti ningelisoma tangazo kama hilo mwaka 2017! Yalikuwepo, ni ya wazi, hayauzwi. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo, chukua transkripti yako ya shahada ya kwanza sasa hivi, iweke juu ya meza, linganisha. Ikikukatalia, masta ya namna yoyote, ya mwaka mmoja au miwili, ya Dodoma au ya London, haitaibadilisha namba hiyo.

Mlango wa tatu, wa binafsi, nitaurudia.

Mdogo wangu, yule anayenifuata, alikwenda njia nyingine. Yeye alipata ufadhili kamili, akaondoka Septemba 2018 kwenda Uingereza kusoma MSc ya fedha. Kule masta ya kawaida ni mwaka mmoja, krediti 180, na tasnifu imo ndani ya mwaka huo huo. Unafika Septemba, unasoma mihula miwili bila kupumua, kiangazi unaandika, Septemba nyingine unakabidhi. Msimamizi ana tarehe, wewe una tarehe, chuo kina tarehe. Alimaliza mwaka 2019 wakati mimi namtafuta mwalimu wangu kwenye benchi. Nitakuwa mwongo nikisema sikumwonea wivu.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Wakati wake, ile viza ya kubaki kutafuta kazi baada ya masomo ilikuwa imefutwa tangu 2012, na ilirudishwa Julai 2021. Akarudi nyumbani Januari 2020. Miezi miwili baadaye korona ikaingia. Cheti chake kikahitaji kwanza kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kampuni alizoomba zilimuuliza swali moja tu, kwamba amefanya kazi wapi, na yeye alikuwa ametoka darasani akaingia darasani. Mwaka mmoja ni mfupi kiasi kwamba haukuachii nafasi ya kufanya kazi popote. Alikaa nyumbani, akanisaidia steshenari, sisi wawili wenye elimu ya juu tukinakili vyeti vya kuzaliwa. Kazi aliipata Juni 2021. Kutoka siku aliyopanda ndege ni miezi 33. Huo ndio urefu wa masta ya mwaka mmoja.

Leo wanaomaliza Uingereza wanaweza kubaki miaka miwili wakitafuta kazi, na serikali ya kule imeshatangaza kuipunguza iwe miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Kijana wa Manyoni, ukianza Septemba mwaka huu au mwakani, kaa chini upige hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu ng'ombe wa baba yako wamo ndani yake.

Kuna nchi nyingine watu huniuliza, basi niseme ninayoyajua. Marekani ndiko MBA ilikozaliwa, Harvard waliianza mwaka 1908, na mpaka leo ya kule ni miaka miwili. Wengi huona miwili ni mingi. Siri yake iko katikati: kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna likizo ndefu ya kiangazi, mwanafunzi anakwenda kufanya kazi kwenye kampuni, na wengi hurudi darasani wakiwa na ajira imewasubiri. Ule mwaka wa ziada ndio unaozaa kazi. Akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 kwa fani aliyosomea, na kozi zinazohesabiwa kuwa za sayansi, teknolojia na hisabati huongezewa miezi 24. Ndiyo maana unaona masta za takwimu za biashara zina foleni. Ujerumani masta nyingi ni miaka miwili, vyuo vingi vya umma havitozi ada, na ukimaliza una miezi 18 ya kutafuta kazi. Lakini bila Kijerumani utaitafuta sana. India miaka miwili. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, wana MBA ya miezi 10, na watu husikia miezi 10 wakadhani ni ya haraka. Wanaoingia pale wameshafanya kazi miaka kadhaa, wengine walikuwa mameneja. Wameifanya fupi kwa sababu wanafunzi wenyewe wamekuja wameiva.

Na hapo ndipo tofauti ya MBA na MSc ilipo, tofauti ambayo hakuna aliyenieleza. MBA ni ya mtu aliyekwishafanya kazi na anataka kuongoza wengine. MSc ya fedha, ya uhasibu au ya masoko ni ya mtu anayetaka kuzama kwenye fani moja, na kijana aliyetoka shahada ya kwanza anaweza kwenda moja kwa moja. Ukimpelekea mwajiri MBA bila siku moja ya kazi, anaona mtu aliyesomea kuongoza na hajawahi kuongozwa. Nimekaa upande wa pili wa meza sasa, naziona hizo barua.

Halafu kuna mwenzangu wa kaunta. Huyu namtaja kila mahali kwa heshima. Mwaka 2017, wakati mimi nauza kiwanja, yeye alijiandikisha mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA. Mitihani yao ni Mei na Novemba. Aliendelea na kazi, aliendelea na mshahara, anasoma saa tisa usiku kabla watoto hawajaamka. Alirudia somo moja. Novemba 2019 alikaa mtihani wa mwisho na akawa CPA, mhasibu anayetambuliwa na bodi. Mwaka uliofuata alichukuliwa na kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida, na sasa ndiye mkuu wa hesabu. Hana masta. Hajawahi kuulizwa. Nafasi za juu za uhasibu huandika CPA(T) kwa jina lake. Masta hutajwa kama kitu cha kuongezea. Ununuzi na ugavi vivyo hivyo, bila usajili wa bodi yao hufanyi kazi ile kisheria. Kijana wangu amesoma uhasibu. Kwenye ujumbe wake wote hakuitaja NBAA hata mara moja. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko barua zake mbili.

Nirudi kwenye mlango wa tatu.

Kati ya Desemba 2021 na Julai 2022 nilituma maombi 14 kwenye kampuni na mashirika. Niliitwa mara tatu. Mara mbili waliniuliza kuhusu MBA, nikajibu kama kitabu, wakanishukuru. Mara ya tatu ilikuwa kampuni inayonunua zabibu kwa wakulima na kusindika mchuzi wa zabibu, ule wa kutengenezea mvinyo. Mkurugenzi hakufungua hata bahasha ya vyeti. Aliniuliza: "Kwa nini wakulima tunaowapa fedha za pembejeo wanatukimbia msimu wa mavuno?"

Nikajisahau kwamba niko kwenye usaili. Nikamweleza kuhusu Mpunguzi. Nikamweleza kwamba mkulima anayedaiwa kila mwezi hukopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza, na zabibu zikiiva mtu wa pili ndiye anayesimama shambani na kreti. Nikamweleza kwamba zabibu haisubiri kama mahindi ya Kibaigwa, haiwekwi ghalani ingoje bei, kwa hiyo mkulima anauza kwa aliyefika kwanza. Nikamwambia marejesho yafuate mavuno mawili na siyo tarehe ya mwisho wa mwezi, na kwamba nimekaa na kaya 120, nina majibu yao. Akaomba nimtumie hiyo tasnifu. Ile ile iliyokaa miezi saba kwenye droo ya mtu. Wiki mbili baadaye nikapewa mkataba.

Mwezi uliopita nimetimiza majukumu yangu ya mwaka kama meneja wa fedha za wakulima, na kwa mara ya kwanza malipo ya msimu yamerejea karibu yote. Wakulima wa Hombolo waliniletea kreti mbili za zabibu nyumbani. Nililia mbele ya watoto. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha. Nimelipa deni la kikoba. Bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 yao kila mwezi kwa shahada ya kwanza, na nawaachia wakate kwa amani.

Kuna watakaosema: basi si umeona, masta imekulipa. Hapana, jamani. Kilichonilipa ni miaka minne ya kaunta na kaya 120. Ningeweza kuwa na kazi ile ile kwa masta iliyoisha kwa wakati, nikiwa bado na kiwanja changu na bila kuacha mshahara. Msiyapambe mateso yangu mkayaita mpango wa Mungu ili msiulize maswali chuoni. Mungu alinivusha, lakini maswali nilipaswa kuyauliza mimi.

Ulizeni. Muulize mratibu wa masomo ya uzamili: kati ya walioingia miaka mitatu iliyopita, wangapi wamekwisha kuvaa joho? Akikupa majibu ya kuzunguka, umeshajibiwa. Muulize msimamizi atakuwa nani na ana wanafunzi wangapi. Nenda kwenye steshenari iliyo karibu na chuo, muulize anayebana tasnifu. Sisi tunajua kuliko ofisi ya udahili. Kisha nenda mahali unapotaka kuajiriwa, hata kama ni getini, uliza wanaofanya kazi hiyo wana karatasi gani. Anza na kazi, urudi nyuma mpaka kwenye kozi. Sisi wengi tunaanza na kozi tukiomba ituzalie kazi. Hesabu miezi yako. Nasema tena, hesabu miezi yako yote, ya kusubiri msimamizi, ya kusubiri mahafali, ya kusubiri mkeka, uiandike kwenye daftari mbele ya mwenzi wako au wazazi wako, kwa sababu hao ndio watakaoilipa pamoja nawe. Na ukiwa na kazi, tafadhali, tafadhali, usiache kazi kwa ajili ya tasnifu.

Dada zangu mnaosoma na watoto mgongoni, kwenu nina neno la ziada. Msione aibu kugonga mlango mara ya tisa. Mimi niligonga kwa unyenyekevu kupita kiasi, nikiogopa kuonekana msumbufu, na unyenyekevu ule ulinigharimu miezi saba. Andika barua rasmi kwa mkuu wa idara mwezi wa pili. Weka nakala.

Kijana wangu, mpaka sasa unasubiri nichague kati ya barua zako mbili. Kwa nilivyosoma ujumbe wako, nisingesaini yoyote mwezi huu. Barua ya MBA ingekuwa ya mwisho kabisa, kwa sababu huna bado kazi ya kuipa uzito. Ya Uingereza ningewaandikia kuomba niahirishe mwaka mmoja, vyuo vingi hukubali ukiomba mapema, na mwaka huo ningeutumia kutafuta nusu ya ada iliyobaki na kukaa mitihani miwili ya NBAA, Mei na Novemba, huku ng'ombe wa mzee wakiendelea kula majani Manyoni. Lakini sijaona ada yenyewe wala masharti ya ufadhili. Jumamosi nipo nyumbani baada ya saa nane. Panda basi uje, ulete barua zote mbili, transkripti yako ya shahada ya kwanza na daftari tupu. Mwambie na mzee aje, kama afya inaruhusu. Chakula kitakuwepo, ugali wa uwele na mlenda, na zabibu bado zimebaki.